Je, wajua? Kwa nini tuta la mchanga la Oldupai linahama bila kusambaa

Kaskazini mwa Bonde la Oldupai, kwenye tambarare za nyasi fupi za Ngorongoro, kuna tuta la mchanga mweusi lenye umbo la mwezi mwandamo. Kimo chake ni mita 9 hivi, na ukilifuata kwa mkunjo wake kutoka ncha hadi ncha unatembea kama mita 100. Kila mwaka linasogea kuelekea magharibi kwa wastani wa mita 17. Pembeni yake hakuna jangwa: ni nyasi, ardhi ngumu na mifugo ya Wamasai. Waongoza watalii wanaliita Mchanga Unaohama, na swali la kila anayelifikia ni hilohilo moja. Upepo wenye uwezo wa kulihamisha tuta zima, unashindwaje kulitawanya?

Jibu linalosikika mara nyingi ni sumaku. Mchanga huu una chuma, wanasema, kwa hiyo chembe zinavutana na kushikana, upepo unazisukuma zote kwa pamoja. Ni jibu linaloingia akilini haraka, tena lina nusu ya ukweli, na ndiyo sababu linastahili kujibiwa kwa utulivu.

Nusu ya ukweli ni hii: chuma kipo. Chukua sumaku ya spika mbovu, ifunge kwa kitambaa chepesi, ipitishe juu ya mchanga. Chembe nyeusi zitarukia kitambaa na kusimama kama ndevu. Sehemu kubwa ya hizo ni magnetiti, madini ya chuma yanayopatikana kwa wingi kwenye miamba ya volkano. Sasa vua kitambaa, kung'utia chembe hizo kwenye karatasi nyeupe, uipeleke sumaku mbali, kisha pulizia. Zinatawanyika. Kuvutwa na sumaku ni jambo moja; kuvutana zenyewe kwa zenyewe ni jambo jingine kabisa. Kopo la misumari la fundi seremala linaonyesha tofauti hiyo: kila msumari unanaswa na sumaku, lakini ukilimwaga kopo sakafuni, misumari inasambaa kila upande.

Kuna jaribio jingine ambalo wageni huonyeshwa: unachota mchanga kiganjani, unaurusha juu, nao unaanguka kwa pamoja badala ya kupeperuka. Linavutia macho, ila halithibitishi sumaku. Chembe hizi ni nzito kuliko vumbi, na zikirushwa hivyo zinafika chini haraka. Upepo haupati muda wa kuzipeleka mbali. Mchanga wa ujenzi, ule wa mtoni usio na mvuto wowote wa kutajika, ukiurusha vivyo hivyo unaanguka vivyo hivyo.

Ushahidi mzito zaidi uko mbali na Ngorongoro. Huko White Sands, jimbo la New Mexico nchini Marekani, matuta ni ya jasi, madini meupe ambayo sumaku haiyagusi. Nayo yanahama, na mengi yana umbo hilihili la mwezi mwandamo. Matuta ya aina hii yanaitwa barkani, neno lililotoka Asia ya Kati, na yapo pia Peru na Namibia. Kama jasi inatembea bila kusambaa, basi kinacholishika tuta hakiwezi kuwa chuma. Pengine chembe za magnetiti zinavutana kidogo sana zinapogusana. Hilo halipingwi hapa. Kinachopingwa ni kwamba tuta linahitaji mvuto huo ili lisimame.

Asili ya mchanga wenyewe haina ubishi mwingi. Mbali kuelekea kaskazini-mashariki unasimama Ol Doinyo Lengai, mlima wenye mita 2,962 ambao jina lake kwa Kimaa ni Mlima wa Mungu, na ambao ulimwaga majivu mara ya mwisho kwa wingi mwaka 2007 hadi 2008. Majivu ya volkano za ukanda huu yametanda juu ya tambarare kwa vipindi virefu. Upepo ukayapepeta kama mama na ungo: vumbi jepesi likaenda mbele na kuwa udongo wa nyasi za Serengeti, chembe nzito zikabaki nyuma. Tuta ni kile kilichobaki kwenye ungo.

Sasa, linashikanaje?

Anza na mwendo wa chembe moja. Mchanga haupai hewani kama vumbi, unadunda. Upepo unainyanyua chembe, inasafiri kidogo, inaanguka, inadunda tena. Mwendo huo wote unatokea karibu sana na ardhi, ndiyo maana siku ya upepo mkali unachomwa miguuni huku uso wako ukiwa salama. Mwingereza Ralph Bagnold, afisa wa jeshi aliyepima matuta ya majangwa ya Misri na Libya, alieleza katika miaka ya 1930 jambo lililo kiini cha swali letu. Kwa mfano, mpira wa tenisi ukidundwa kwenye sakafu ya saruji unaruka juu, ila ukidondoshwa kwenye lundo la mchele unazama na kutulia. Chembe ya mchanga iko hivyohivyo. Kwenye ardhi ngumu ya tambarare inadunda mbali na kukimbia. Ikifika kwenye mchanga laini, nguvu yake inamezwa na chembe nyingine, nayo inapunguza mwendo. Kwa hiyo mchanga unanasa mchanga. Lundo dogo linakuwa mtego, na mtego ukikua unanasa zaidi.

Hiyo ni sehemu ya kwanza. Ya pili ni kutembea.

Tuta lina pande mbili zisizofanana. Upande wa mashariki, unakotoka upepo, ni mgongo wa mteremko wa taratibu ambao mtu anaupanda bila kuhema. Upande wa magharibi ni uso mkali wenye mwinamo wa nyuzi 33 hivi. Mwinamo huo hauchaguliwi na upepo: ndio mwinamo wa juu kabisa ambao mchanga mkavu unaweza kuubeba, kama vile mahindi yanayomwagwa sokoni yanavyojenga lundo lisilokubali kuwa kali zaidi. Upepo unaisukuma chembe juu ya mgongo hadi ukingoni. Ikivuka ukingo, inaingia mahali pasipo na upepo, kama mtu aliyepita nyuma ya ukuta. Inaanguka hapohapo. Chembe zinapojazana juu ya uso, mwinamo unazidi kiasi, na utando mwembamba wa mchanga unaporomoka hadi chini.

Pale chini chembe inafunikwa na wenzake, na sasa haiendi popote. Tuta linaendelea kupita juu yake. Baada ya muda mgongo unaifikia, upepo unaifukua, safari inaanza upya. Mfano wake ni mtu anayevuka tope akiwa na mbao mbili tu: anakanyaga moja, anaitoa ya nyuma, anaiweka mbele. Mbao hazikuongezeka wala kupotea, lakini mtu amevuka. Tuseme unene wa tuta kwa mwelekeo wa upepo ni mita 50. Kwa kasi ya mita 17 kwa mwaka, chembe iliyofunikwa leo mguuni mwa uso itaonana na jua tena baada ya miaka 3 hivi. Kwa siku ni kama sentimita 5, upana wa vidole vitatu, ingawa huo ni wastani tu: mchanga uliolowa hauendi, na siku chache za upepo mkali hufanya kazi ya wiki nyingi za utulivu.

Umbo la mwezi mwandamo linatokana na hesabu hiyohiyo. Pembeni, kushoto na kulia, kimo cha tuta ni kifupi, kwa hiyo kuna mchanga kidogo wa kuhamisha ili lisogee hatua moja. Pembeni panatangulia, katikati panachelewa, na pembe mbili zinachomoza kuelekea upepo unakokwenda. Ukipotelewa na mwelekeo, zitazame pembe: zinaonyesha magharibi.

Kulifikia, unashuka kutoka ukingo wa kreta ya Ngorongoro kwa barabara ya Serengeti, unakata kwenda makumbusho ya Oldupai, kisha unaongozwa kuvuka bonde kwa njia ya vumbi. Njia hiyo haifai kwa gari dogo, na mvua ikinyesha udongo wa majivu unateleza. Fika kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 10 jioni ukitaka picha, kwa sababu jua la mchana linaufanya mchanga mweusi uonekane kama doa lisilo na umbo. Ukitaka kuuona ukifanya kazi, njoo mchana upepo ukiwa umekaza, simama pembeni ya pembe mojawapo, utazame ukingo dhidi ya anga: unafuka moshi mweusi. Usipande kwa upande wa uso. Nyayo zinauporomosha kabla ya wakati wake, na kwa Wamasai mahali hapa pana heshima ya kidini. Mchanga wowote uliouchota kwa jaribio la sumaku urudishe. Simu iweke mfukoni, kwani spika zake zina sumaku na magnetiti ikiingia kwenye vitundu vile ni kazi kuitoa.

Nyuma ya tuta, upande wa mashariki, kuna vigingi vyenye miaka vinavyoonyesha lilipokuwa zamani. Unaweza kupima mwenyewe. Hatua ya kawaida ni kama sentimita 75, kwa hiyo mwaka mmoja ni hatua 23 na miaka 10 ni kama 227. Kosa la kawaida ni kuanzia kwenye kigingi na kuishia ncha ya pembe, ambayo imetangulia; ishia mwanzo wa mgongo, katikati. Hata hivyo lichukulie jibu lako kuwa la makadirio, kwa kuwa mguu wa mgongo hauna mstari kamili.

Halafu nenda hadi ncha ya pembe, uiname. Hapo hakuna uso wala ukuta wa kuzuia upepo, na utaona chembe zikiondoka moja moja, zikidunda juu ya ardhi ngumu bila kurudi. Tuta linasambaa kweli, katika nukta hizo mbili tu, na linaendelea kuwepo kwa sababu mgongoni bado linapokea mchanga unaoletwa kutoka mashariki.