Gundi kwenye wembe mpya: maneno ya saluni na ukweli wake

Jumamosi moja huku Kadutu, mjini Bukavu, kijana aliyekuwa ameshafungwa kitambaa shingoni alisimama ghafla. Kinyozi alikuwa ndiyo kwanza amefunua jileti, yaani wembe, na kijana akaona madoa meupe katikati ya chuma.

"Papa, hiyo iko na gundi. Mulishaitumia!"

Kinyozi akaapa kwa mama yake kwamba ni mpya. Saluni nzima ikaingia kwenye ubishi, kila mtu na elimu yake. Baadhi ya yaliyosemwa siku ile nilikuwa nayaamini mimi mwenyewe kwa miaka mingi.

Tuanze na la kijana: kwamba gundi ni alama ya wembe uliokwisha kutumika ukafungwa upya. Hapana, ni karibu kinyume chake. Wembe wa makali mawili una unene wa milimita 0.1 tu, na makali yenyewe hayapendi kuguswa hata na karatasi. Ukiachwa uchezecheze ndani ya kifungashio kutoka kiwandani hadi hapa Bukavu, utafika umeshajichubua. Kwa hiyo viwanda vingi huweka vitone vichache vya nta au gundi kwenye bapa, mbali na makali, ili wembe ushikamane na karatasi usisogee. Ukiufunua, karatasi inang'ang'ania kidogo kisha inaachia, na kitone kinabaki kwenye chuma. Ule mng'ang'anio ni dalili nzuri ya upya. Doa peke yake halithibitishi kitu, maana linaweza kubaki hata wembe ukishanyoa watu watatu. Na wembe usio na doa si lazima uwe umetumika: viwanda vingine huzipanga nyembe katika kikasha cha plastiki, bila gundi yoyote, unausukuma mmoja mmoja kwa kidole gumba.

Hofu yake lakini ilikuwa ya haki. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kudumu nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na damu usiyoiona kwa macho inatosha kuvipitisha. Cha kudai ni kwamba karatasi ifunuliwe mbele yako, na wembe utupwe ukimaliza. Mengine ni kelele.

Mzee mmoja kwenye benchi akasema gundi hiyo ndiyo inaleta vipele shingoni. Nilitaka kumheshimu kwa umri wake, ila hapana. Ukishafunga wembe kwenye kifaa cha kunyolea, lile bapa linabanwa kati ya mabamba mawili. Ngozi na gundi hazionani. Vipele vinatokana na nywele zetu zenyewe, kwa kuwa zimejikunja. Ukizikata chini sana, ncha inabaki imechongoka, inajipinda na kurudi ndani ya ngozi, nayo ngozi inaipokea kama mwiba. Anayeivuta ngozi na kunyoa kinyume cha nywele, eti shingo iwe laini kama yai, ndiye anayeamka Jumatatu akijikuna.

Kuna pia wanaosema ni mafuta ya kuzuia kutu, usiyafute. Hapa kuna harufu ya historia. Nyembe ambazo King Camp Gillette alianza kuuza Marekani mwaka 1903 (mwaka ule aliuza vifaa 51 na nyembe 168 tu, mauzo ya kukatisha tamaa) zilikuwa za chuma cha kawaida, na kutu ilizimaliza haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wilkinson Sword ya Uingereza ikaingiza sokoni nyembe za chuma kisichoshika kutu, na wengine wakalazimika kufuata. Vitone vya leo kazi yake ni kushika tu. Vifute au viache, chuma hakitajali.

Mahali pekee ninapokubali kwamba gundi inasumbua ni kwenye kile kifaa cha kinyozi kinachotumia nusu wembe. Anauvunja katikati ukiwa bado kwenye karatasi, kisha anaupenyeza ule upande mmoja katika ufa mwembamba. Tone nene likikaa humo, wembe unainuka upande mmoja, na huo upande ndio unaochana ngozi. Kwake kufuta kuna maana.

Balaa kubwa zaidi inaletwa na dawa za watu kuliko gundi. Nimeona wembe mpya ukipitishwa kwenye moto wa kibiriti cha gesi, "kuyeyusha na kuua vidudu" kwa mpigo mmoja. Makali ya nyembe nyingi yamepakwa tabaka jembamba la tefloni, ile ile ya kikaango kisichoshika chakula, na haikusudiwi kuvuka nyuzi 260 hivi. Moto wa kibiriti unapita hapo mbali sana, na chuma chembamba namna ile kinashika joto mara moja. Kikibadilika rangi, ugumu wa makali umeshaondoka. Na vidudu? Kupitisha sekunde moja hakumhakikishii mtu lolote. Wengine wanausugua kwenye suruali ya jinzi. Huyo ameunoa wembe wake kinyumenyume.

Dawa ni kikombe cha maji ya moto. Nta ya kawaida huyeyuka chini ya nyuzi 70, na hata huku kwetu juu, mita 1,500 na ushee, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, joto linabaki la ziada. Uuache dakika moja, uutoe kwa kushika zile ncha fupi ambazo hazikati, uukung'ute. Kama ni gundi kweli na si nta, pamba yenye alkoli ya famasi ipite katikati ya bapa kwa urefu, isifike kwenye makali. Usiukaushe kwa taulo.

Siku ile Kadutu kinyozi hakueleza chochote katika haya. Alichukua jileti nyingine, akamkabidhi kijana aifunue kwa mkono wake mwenyewe. Karatasi ikang'ang'ania, ikaachia. Madoa yale yale. Kijana akakaa.