Hasara ya Fedha za Misaada Anaibeba Nani?

Nasimamia ruzuku za misaada ya dharura. Mkataba ukifika mezani, siuanzii kwenye kiasi cha fedha. Naanzia kwenye masharti, maana humo ndimo ilimoandikwa nani atalipa mambo yakiharibika. Mara nyingi mlipaji ni shirika la ndani, lile lililo karibu zaidi na wenye shida.

Mfano unaoniuma zaidi ni Somalia. Mwaka 2008 Marekani iliiweka Al-Shabaab kwenye orodha yake ya makundi ya kigaidi. Tangu hapo, shirika lililopokea fedha za Marekani na kufanya kazi kusini lilijua kwamba magunia ya chakula yakiangukia mikononi mwa kundi hilo, au ushuru ukilipwa kwenye kizuizi cha barabarani, lingeweza kufikishwa mahakamani. Misaada ya Marekani kwa Somalia ikashuka sana kati ya 2008 na 2010. Al-Shabaab nao walikuwa wakiyafukuza mashirika, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) likiwemo, kwa hiyo sharti pekee halibebi lawama yote. Lakini mvua zilipokosekana, wenye uwezo wa kufikisha chakula kule walikuwa wamebaki wachache. Tarehe 20 Julai 2011 Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa kwenye mikoa miwili ya kusini, Bakool na Shabelle ya Chini. Marekani ililegeza kanuni zake Agosti, tangazo likiwa limeshatoka. Utafiti wa 2013 ulikadiria kuwa walikufa watu 258,000 hivi, takriban nusu yao watoto wa chini ya miaka 5.

Desemba 2022 Baraza la Usalama lilipitisha Azimio 2664, linalokinga misaada ya kibinadamu dhidi ya vikwazo vya Umoja wa Mataifa vya kuzuia mali. Ni hatua kubwa. Hata hivyo serikali zina orodha zao, na vipengele vya kuzuia ugaidi bado vimo kwenye mikataba.

Masharti ya manunuzi hayatangazwi redioni, ila nayo yanaumiza. Mfadhili anataka bei za wauzaji watatu, na eneo zima mwenye boza la maji ni mmoja. Afisa manunuzi anahangaika kutafuta karatasi mbili za kutimiza idadi huku watu wakinywa maji ya dimbwi. Akinunua bila karatasi hizo, mkaguzi anaikataa gharama na fedha zinadaiwa zirudi. Shirika kubwa litalipa kutoka akiba yake. Dogo litalipa kwa mishahara ya watu.

Kwa nini halina akiba? Umoja wa Ulaya, kwa mfano, hulipa hadi asilimia 7 juu ya gharama za mradi kwa ajili ya uendeshaji. Kazi ikikabidhiwa shirika la ndani, mara nyingi fungu hilo hubaki kwa shirika la kimataifa, ilhali ukaguzi na wajibu wa kurudisha fedha vinashuka chini. Mei 2016, Istanbul, wafadhili na mashirika makubwa waliahidi kwamba kufikia 2020 angalau asilimia 25 ya fedha zingewafikia watendaji wa ndani kwa njia iliyo ya moja kwa moja iwezekanavyo. Lengo hilo halikufikiwa.

Siku hizi, kabla ya kutia sahihi, naomba mambo mawili: ruhusa ya maandishi ya kununua kwa muuzaji mmoja wakati wa dharura, na mgawanyo wa ile asilimia 7 na mshirika wetu wa ndani. La kwanza wengi wanalikubali. La pili bado tunavutana.