Koala halewi majani

Watu wamesema miaka mingi kwamba koala, mnyama wa Australia anayeishi mitini, hulala kutwa kwa sababu majani ya mkaratusi humlevya. Si kweli. Majani hayo yana sumu, ndiyo, lakini ini lake huivunja. Shida ni lishe: ni haba mno, nyuzinyuzi tele, hivyo mwili hubana nguvu kwa kulala hata saa 20 kwa siku.

Imani hii inaniuma kwa sababu ina madhara. Huko Australia, koala aliyeketi chini ya mti mchana kweupe, macho mekundu yenye tongotongo, manyoya ya nyuma yamelowa mkojo, anaweza kupitwa eti amelewa. Huyo ni mgonjwa, mara nyingi wa klamidia, maradhi ya bakteria, na anahitaji waokoaji upesi. Katika hospitali ya koala ya Port Macquarie, iliyoanzishwa 1973, watu wa kujitolea huwakatia wagonjwa matawi mabichi kila siku.