Ukiandika “klorini” kwenye nyaraka za meli, hujataja jina

Ankara ikisomeka “klorini, ndoo 40”, wenye meli wanakuwa hawajaambiwa kitu. Neno hilo sokoni linabeba mizigo mitatu tofauti. Kuna gesi ya mitungini, UN 1017 (namba ya Umoja wa Mataifa ya kutambulisha shehena hatari), CHLORINE, ambayo ni sumu ukiivuta. Kuna ya maji, UN 1791, HYPOCHLORITE SOLUTION, daraja la 8, inayobabua ngozi na kula chuma. Halafu kuna ya unga au chembechembe, ya kutibia maji ya kunywa na mabwawa ya kuogelea. Hiyo mara nyingi ni kalsiamu hipokloraiti, daraja la 5.1, la kemikali zinazotoa oksijeni na kukoleza moto.

Hata ya unga peke yake haina namba moja. Ikiwa kavu na klorini yake inayotumika inazidi asilimia 39, ni UN 1748. Ikiwa na maji kati ya asilimia 5.5 na 16, ni UN 2880. Mchanganyiko mkavu wenye klorini zaidi ya asilimia 10 lakini isiyozidi 39 ni UN 2208. Kwa hiyo kabla ya kuandika lolote, mwombe mtengenezaji karatasi ya taarifa za usalama ya bidhaa hiyohiyo. Sehemu ya 3 inataja viambato na viwango vyake, na sehemu ya 14 inataja namba ya UN na jina rasmi la usafirishaji. Zikipingana, usichague inayokupendeza, mrudie mtengenezaji.

Ugumu wote huu una sababu. Unga huu ukipata joto huanza kuvunjika, na kuvunjika kwenyewe huzaa joto zaidi, mpaka kontena linawaka bila cheche yoyote kutoka nje. Ndiyo maana kanuni ya kimataifa ya shehena hatari baharini, IMDG, inataka upangwe juu ya sitaha, usipigwe na jua moja kwa moja, uwe mbali na vyanzo vya joto, na hewa ipite kati ya ndoo. Mpangaji wa shehena aliyeandikiwa “dawa ya bwawa” hana namna ya kuyajua hayo. Anaweza kulishusha kontena chini kabisa, jirani na tangi la mafuta linalopashwa moto. Moto ukizuka, mabaharia watafungulia gesi ya kaboni dayoksaidi kwenye ngama, nayo haitafua dafu, kwa sababu shehena inajitengenezea oksijeni yake. Hapo panahitajika maji mengi.

Hatari nyingine imejificha kwenye ankara hiyohiyo. Muuzaji wa vifaa vya mabwawa huuza pia asidi ya kurekebisha maji, UN 1789, HYDROCHLORIC ACID. Vyote viwili vikiitwa “dawa ya bwawa” vitapakiwa pamoja, na jerikeni moja ikivuja juu ya ndoo ya unga, inatoka gesi ya klorini yenyewe.

Kwenye tamko la shehena hatari taarifa hufuatana hivi: namba ya UN, jina, daraja, kundi la ufungashaji (PG, linaloonyesha ukubwa wa hatari). Mfano:

UN 2880, CALCIUM HYPOCHLORITE, HYDRATED, 5.1, PG II, MARINE POLLUTANT

Maneno ya mwisho yanaonyesha kwamba inadhuru viumbe wa baharini. Katika orodha ya IMDG, maneno ya herufi kubwa ndiyo jina. Ya herufi ndogo, kama vile kiwango cha klorini, si lazima yaandikwe, lakini ndiyo yanayoamua uko kwenye mstari upi. Msiyaruke.

Majina ya jumla yanayoishia na N.O.S. (“not otherwise specified”, yaani haikutajwa kwingine) ni ya kemikali isiyo na jina lake kwenye orodha. Kuuandikia unga huu OXIDIZING SOLID, N.O.S. ni kosa, maana jina lake lipo. Pale N.O.S. inapostahili, kwa majina mengi ya aina hiyo huongezwa kwenye mabano jina la kikemia la kiambato chenye hatari. Viambato viwili vinatosha kwa mchanganyiko, na jina la biashara halikubaliki.

Jina na namba vya kwenye karatasi viwe vilevile kwenye ndoo. Herufi za “UN” na tarakimu zake ziwe na kimo cha milimita 12 au zaidi. Kwa kifungashio kisichozidi lita 30 au kilo 30, milimita 6. Lebo ya daraja ni milimita 100 kwa 100, na alama hizo zinatakiwa zisomeke hata baada ya kukaa miezi mitatu ndani ya maji ya bahari. Karatasi iliyochapwa ofisini na kubandikwa kwa selotepu haimalizi safari.

Kwa wanaoingiza kemikali Tanzania, kibali cha Mkemia Mkuu wa Serikali hakichukui nafasi ya tamko hili, wala tamko halichukui nafasi ya kibali. Na ndoo tupu ambazo hazijaoshwa zinarudi na jina lilelile, likiongezwa EMPTY UNCLEANED.