Alokesheni dainamiki kwenye meinfremu ni kitu gani hasa?

Kama umezoea Python au Java, kufungua faili sio ishu, unaandika jina lake kwenye kodi na kazi imeisha. Kwenye meinfremu za IBM, zile kompyuta kubwa za mashirika kama mabenki, mambo yalipangwa tofauti tangu enzi za mfumo endeshi wa OS/360 miaka ya 1960. Programu ya COBOL (lugha ya zamani ya programu za biashara) haijui jina halisi la faili, inajua jina fupi tu lisilozidi herufi 8, tuseme MAUZO, halafu JCL, yale maelekezo ya kuendesha kazi yanayoandikwa nje ya programu, ndo inasema MAUZO ya leo ni dataseti (yaani faili ya meinfremu) BENKI.MAUZO.JUMATATU. Mfumo unashika faili zote kabla programu haijaanza, na faili ya kusoma isipokuwepo basi kazi inakufa mlangoni, programu haijasoma hata mstari mmoja.

Sasa alokesheni dainamiki ni programu yenyewe kuomba faili ikiwa tayari inakimbia. Chini kabisa kuna huduma ya mfumo inaitwa SVC 99, kuiita moja kwa moja ni kazi ya asembla (lugha ya karibu kabisa na mashine), kuna vijedwali kibao vya kujaza, ila z/OS, mfumo endeshi wa meinfremu za sasa, ina BPXWDYN ambayo hata COBOL inaiita kwa sentensi moja:

ALLOC FI(MAUZO) DA(BENKI.MAUZO.JUMATATU) SHR

FI ni lile jina fupi, DA ni dataseti halisi, SHR ni kwamba wengine nao wanaweza kuitumia. Ikirudisha 0 umeipata, isiporudisha 0 programu inaamua yenyewe, iruke, isubiri, ijaribu nyingine. Ukimaliza unaandika FREE FI(MAUZO) na wengine wanaitumia bila kungoja kazi yako iishe. Hapo ndo utamu wake, hasa kama faili ni za matawi ya benki na hujui leo zitakuja za matawi mangapi.

Lakini ukianza kuhamisha kodi ya zamani kwenda Linux au Java, hapa ndo watu wanaumia. Timu inasoma JCL zote, inachora ramani nzuri ya faili, kumbe robo ya ukweli haimo mle, imo ndani ya kodi, na jina la dataseti linaungwa vipande vipande kwa tarehe na namba ya tawi. Mi naona tafuta kwanza BPXWDYN na SVC 99 kwenye kodi yote, alafu linganisha na rekodi za SMF (kumbukumbu za matumizi ambazo mfumo unaziandika wenyewe) aina ya 14 na 15, zile zinaonyesha dataseti zipi zilifunguliwa kweli (za VSAM, aina nyingine ya faili za meinfremu, ziko aina ya 64). Na angalia sana neno OLD badala ya SHR, maana OLD ni kufuli, mwingine haingii mpaka uachie, na ukilisahau unapohamia Linux hamna anayekufungia, kazi mbili za usiku zitaandika juu ya faili moja na hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea.