Aliyeng'atwa na mbwa Pemba, habari zake zifike mifugo siku hiyo hiyo

Mtoto aking'atwa na mbwa Micheweni, mzazi humkimbiza kituo cha afya, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Jeraha litaoshwa, jina na shehia, yaani mtaa anaokaa, vitaandikwa, sindano za kinga zitaanza. Kwa upande wa hospitali kazi imefanyika. Lakini mbwa mwenyewe, ambaye huenda ana kichaa cha mbwa, bado yuko nje, na kabla ya magharibi anaweza kumng'ata mtu mwengine, mbuzi, au mbwa wenzake watatu. Wa kumtafuta ni mtu wa mifugo, naye hana habari.

Sisi wa ufuatiliaji wa magonjwa ya wanyama tunalihitaji mno daftari la hospitali. Hapa kwetu watu wengi hawafugi mbwa, na wengi wa wale wanaozurura hawana mwenyewe wa kutoa taarifa. Mara nyingi wa kwanza kujulikana ni mtu aliyeng'atwa, si mbwa anayeumwa.

Pemba tunao ushahidi wa hili. Kuanzia 2010, watafiti walikuwa wakifuatilia kila tukio la kung'atwa hadi nyumbani kwa aliyeumia. Maswali huwa mepesi: mbwa alitokea upande gani? Wa nani? Alichokozwa au alivamia tu? Baada ya hapo alielekea wapi, na kamng'ata nani mwengine? Jibu la nyumba moja hukupeleka shehia ya pili, na huko ukakuta ng'ombe aliyeng'atwa wiki iliyopita na hakuna aliyeripoti. Maelezo hayo yalipounganishwa na vipimo vya vinasaba vya virusi, ilionekana minyororo mitano ya maambukizi ilikuwa ikizunguka kisiwani kwa wakati mmoja. Yote ilikatika kufikia Mei 2014, kwa sababu mbwa walichanjwa kila mwaka, kisiwa kizima.

Kisha chanjo ikasimama. Mwishoni mwa 2016 ugonjwa ukaingia tena kutoka nje ya kisiwa, si mara moja bali mara mbili, ukakuta mbwa wasio na kinga. Ilibidi chanjo irudishwe Pemba nzima, na mlipuko ukazimwa Oktoba 2018.

Chanjo ilisimama vipi wakati ilishaonesha kazi yake? Kwa maoni yangu, ugumu mkubwa uko kwenye hesabu. Chanjo ya mbwa hulipiwa na upande wa mifugo, faida yake ikaonekana hospitali: sindano chache za kununua, familia chache za kuuguza na kuzika. Ofisa wa mifugo akienda kuomba fedha wakati hakuna mbwa mgonjwa hata mmoja, ni vigumu kueleweka. Kwa hiyo nasema afya na mifugo wakae meza moja wakati wa kupanga bajeti, wasisubiri mlipuko. Sindano anazodungwa aliyeng'atwa humwokoa yeye, na lazima zipatikane, lakini haziuzuii ugonjwa kwenda kwa mbwa wa pili. Kinachouzuia ni kuchanja mbwa. Shirika la Afya Duniani linataka angalau asilimia 70 ya mbwa wawe wamechanjwa, na kwa kuwa kila mwaka wanazaliwa watoto wapya wasio na kinga, kampeni ya mwaka jana haitoshi kwa mwaka huu.

Wapo na wengine wanaohitajika. Mbwa hawezi kuogelea kutoka Tanga, anapandishwa chomboni. Kwa hiyo nahodha, ofisa wa bandari Wete na Mkoani, na askari wa KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, wanaolinda bandari bubu nao wamo katika kazi hii. Sheha, kiongozi wa shehia, ndiye anayejua mbwa mgeni ameonekana kitongoji gani. Na polisi au wananchi wakilazimika kumuua mbwa anayeshukiwa, tunawaomba sana wasimpige kichwani. Kipimo kinahitaji kipande kidogo cha ubongo, ambacho mtaalamu aliyechanjwa na aliyevaa glavu anaweza kukitoa kwa mrija kupitia tundu la kisogoni, bila kupasua fuvu. Kichwa kikisagika, au mzoga ukifukiwa kabla hatujafika, jibu tumelikosa.

Utaratibu huo wa kupashana habari unafaa kwa maradhi mengine pia. Homa ya Bonde la Ufa hufuata mvua kubwa, hutoa mimba za ng'ombe na mbuzi kwa wingi, na huwapata watu wanaochinja au kushika wanyama wagonjwa. Watu wa hali ya hewa, mifugo na hospitali kila mmoja ataona kipande chake tu.

Ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama jeraha ni dogo, maana dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza karibu hakuna anayepona. Ukiwa huko, mweleze muuguzi mahali mbwa alipo au alikoelekea, na muulize kama taarifa imekwenda kwa ofisa wa mifugo wa wilaya. Kama haijakwenda, wewe mwenyewe mpigie sheha wako kabla hujaondoka hospitalini.