Je, wajua kwa nini ufito wa jigi hukaza shina na kulegeza ncha?

Ufito wowote wa kuvulia samaki wa besi huwa na maandishi madogo juu ya mpini: urefu, uzito wa chambo unaofaa, kisha herufi kama MH na F. Kwa miaka kadhaa nilizisoma herufi hizo kana kwamba zinasema jambo moja, yaani ugumu. Nilipotafuta ufito wa jigi kwa hela kidogo, nilichagua mnene kuliko zote zilizokuwapo, ule uliosifiwa kwamba hauvunjiki. Nilivua nao msimu mzima bila kutambua kama kilichogusa jigi ni samaki, jiwe au tope.

Jigi yenyewe ni ndoana nene iliyomiminiwa kichwa cha risasi, ikavishwa sketi ya nyuzi za silikoni na kibrashi kigumu cha kuizuia isinase kwenye magugu. Zinazotumiwa zaidi zina gramu 10 hadi 14. Haiburutwi kwa kasi. Unaidondosha kando ya gogo, unaiacha izame, kisha unaichezesha chini kidogo kidogo.

Besi wa mdomo mpana asili yake ni Amerika Kaskazini, ingawa tangu miaka ya 1920 yupo pia Ziwa Naivasha, Kenya. Samaki huyu hakimbilii kung'ata. Hupanua mdomo ghafla, maji yakaingia kwa nguvu, na chambo kikafuata maji. Akihisi kitu kigeni hukitema upesi vilevile. Mara nyingi haya yote hutokea jigi ikiwa bado inazama, na mvuvi hupata mguso mdogo tu, au huona uzi ukienda kando.

Kwa hiyo ufito una kazi mbili: kukuletea habari ya mguso ule, na kuipenyeza ndoana nene ndani ya mdomo kabla haijatemwa. Hapo ndipo kosa langu lilipokuwa.

MH inahusu nguvu: ufito unahitaji kuvutwa kwa uzito gani ndipo upinde. M ni ya wastani, H ni nzito, na MH iko katikati yake. F inahusu mpindo: ukishapinda, unapindia wapi. Ni maswali mawili tofauti kabisa. Chukua mwanzi mkavu wenye shina nene na ncha nyembamba, kisha chukua ufito mbichi wenye unene karibu uleule kutoka mwanzo hadi mwisho. Ning'iniza nusu kilo ya sukari kwenye ncha ya kila mmoja. Inawezekana kabisa ncha zote mbili zikashuka kiasi kilekile. Lakini mwanzi utakuwa umejikunja sehemu ya juu tu, na ule mbichi umekuwa upinde tangu mkononi mwako. Nguvu ni moja, mpindo ni mwingine. Ufito wenye F hufanana na mwanzi, na wenye XF hujikunja karibu zaidi na ncha. Ufito mnene nilioununua mimi ulikuwa wa nguvu nyingi, lakini ulipinda mzima mzima.

Sasa fikiria unateka maji kisimani. Ukitumia kamba, mkono ukipanda mita moja, ndoo nayo inapanda mita moja. Ukitumia mpira wa ndani wa baiskeli, mkono utapanda na ndoo itabaki palepale mpaka mpira uishe kunyooka. Ufito unaopinda mzima ni ule mpira. Mvuvi anakurupusha mikono, na mwendo wake unaliwa na mpindo huku samaki akitema.

Je, basi si afadhali mpini wa jembe? Hapana, na hapa ndipo panaponifurahisha zaidi. Ufito ni wenzo unaomfanyia kazi samaki. Mkono wa mbele ukiwa sentimita 30 kutoka kwenye kitako cha ufito wa sentimita 210, kila kilo moja unayotaka ifike nchani inaudai mkono huo kilo saba. Kilo mbili kwenye ndoana ni kilo 14 mkononi. Wengi huamini wanapiga mkupuo wa kung'oa mti, kumbe ufito ulionyooka hupunguza nguvu yao na kuizidisha kasi. Ufito unaopinda kama mwanzi, ncha yake ikishajikunja kuelekea samaki, wenzo umefupika wenyewe. Uzi sasa unavutwa na sehemu ya kati na ya chini, zilizo ngumu, na kilo unazotoa zinafika zaidi. Ncha laini inakusaidia kurusha gramu 10 na kuushika uzi bila kuukaza mno. Kisha inajiondoa njiani na kuliachia shina kazi.

Kuhusu kuhisi mguso, gonga ukingo wa meza ya mbao huku kiganja kiko upande wa pili. Fanya hivyohivyo kwenye godoro. Kinachopitisha mtetemo vizuri ni kitu kikakamavu na chepesi. Fito hutengenezwa kwa nyuzi za kaboni au za kioo. Nyuzi za kaboni za kawaida zina ukakamavu wa takriban gigapaskali 230, wakati nyuzi za kioo zina kama 70, na juu ya hayo kaboni ni nyepesi zaidi. Tofauti hiyo ni kubwa, na inapatikana hata kwenye fito za bei ndogo. Kutoka kaboni ya kawaida kwenda ya daraja la juu hatua ni fupi zaidi, na kadiri nyuzi zinavyokakamaa ndivyo ufito unavyokuwa mwepesi kuvunjika ukigongwa.

Alama za IM6, IM7 na IM8 zinazoandikwa kwenye fito za kaboni nazo zisikutishe wala kukuvuta. Zilianza kama majina ya nyuzi za kaboni za kampuni ya Hercules. Si vipimo vya ubora vinavyozibana kampuni zote za fito. Hata MH ya kampuni moja yaweza kuwa H ya nyingine, ndiyo maana ni bora kuushika ufito kuliko kuusoma.

Kwa bei za Marekani, dola 50 hadi 100 zinatosha kupata ufito mpya wa kaboni, wa futi saba au kidogo zaidi, wenye MH na F. Mwombe mtu aishike ncha taratibu huku wewe ukiinua mpini, uone mpindo unaishia wapi. Ukiendelea hadi karibu na mkono, urudishe. Pitisha pamba ndani ya kila pete ya kupitishia uzi. Panapoinasa pana ufa, na ufa hukata uzi. Funga rili, yaani kile cha kukunjia uzi, kisha uegemeze ufito kidoleni mbele ya rili. Ukielemea sana nchani, mkono utachoka kabla ya adhuhuri na hautahisi tena lolote.

Hela ikibaki, inunulie uzi. Naironi ya kawaida hunyumbuka, na mita 20 zake kati yako na samaki ni ule mpira wa kisimani umerudi, hata ufito uwe mzuri namna gani. Uzi wa kusukwa karibu haunyumbuki, na ule wa flurokaboni, ingawa nao hunyumbuka, huzama na hauonekani kwa urahisi majini.